Swali: Mama mkwe anasema tumembemenda mtoto, nimwachishe ziwa?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Naishi Mbagala, nina mtoto wa kiume wa miezi 10, bado ananyonya. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, hukaa safari wiki mbili tatu ndipo arudi. Tangu mwezi uliopita mtoto anaharisha mara kwa mara, amekonda na amekuwa mnyonge. Mama mkwe anasema tumembemenda, yaani tumemdhuru kwa kukutana kimwili naye bado ananyonya, kwamba tulitakiwa tulale mbalimbali mpaka atimize miaka miwili. Majirani nao wananong'ona kuwa baba yake katoka nje huko safarini, na ndiko kulikomdhuru mtoto. Naambiwa maziwa yangu yameharibika, nimwachishe, kisha tumpeleke kwa bibi mmoja akamwogeshe dawa. Je, tumefanya dhambi? Na inaruhusiwa kumwachisha kabla ya miaka miwili?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, kabla hujasoma zaidi, mtoto ameonwa na daktari? Kama bado, chukua kadi yake ya kliniki uende kituo cha afya leo. Mwezi mzima wa kuharisha na kukonda ni mwingi mno kwa mtoto wa miezi 10. Watampima mkono kwa ule mkanda wenye rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na ataanzishiwa matibabu mara moja. Kwa kuharisha, kwa kawaida hupewa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Na ukiona macho yameingia ndani, au analegea na kushindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.

Na ziwa usilikate. Mtoto anayeharisha anapoteza maji, na maziwa yako kwa sehemu kubwa ni maji, tena yana chakula na kinga ndani yake.

Sasa tuje kwenye dini. Neno hili la kubemenda nimelisikia tangu utoto wangu Temeke, na kila mwaka huletewa watoto waliokonda niwasomee kwa sababu yake. Watu hudhani ni jambo la Waswahili tu. Kumbe Waarabu walikuwa nalo, wakiliita ghila. Imamu Malik ameieleza kuwa ni mume kumwingilia mkewe anayenyonyesha. Wengine wakasema ni mama kunyonyesha akiwa na mimba. Judama bint Wahb (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema alikaribia kuikataza ghila, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Wafursi (Waajemi) wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Imo katika Sahihi Muslim. Humo humo imepokewa kutoka kwa Usama bin Zayd kwamba mtu mmoja alimwambia Mtume kuwa anajizuia kwa mkewe kwa kumhofia mtoto, naye akajibiwa kwamba lau hilo lingekuwa na madhara, lingewadhuru Wafursi na Warumi.

Tazama namna alivyoamua. Hakufuata uvumi wa Madina. Aliwatazama watu wengine, tena wasiokuwa Waislamu, akaona watoto wao wazima, akaliacha jambo lilivyo.

Sitakuficha, iko pia hadithi ya Asma bint Yazid katika kitabu cha Abu Daud inayoonya kuwa ghila humwandama mtu hadi ukubwani akaangushwa na farasi wake. Mwenye rai ya mama mkwe wako anaweza kuishika hiyo. Wanachuoni walipozikutanisha, wengi walisema hii ni ya kutahadharisha tu wala haiharamishi, na zile za Muslim zina nguvu zaidi. Kwa hiyo wewe na mumeo hamna dhambi yoyote. Kulala mbalimbali miaka miwili hakumo katika sharia, na kumwekea sharti hilo dereva anayerudi nyumbani mara moja kwa wiki tatu ni kuitafutia ndoa matatizo.

Ama hilo la maziwa kuharibika, kumbuka kisa cha yule mwanamke wa Ghamid aliyemjia Mtume akikiri zinaa, naye ana mimba yake. Alirudishwa akajifungue. Alipokuja na kichanga, akarudishwa tena, aende akamnyonyeshe mpaka amwachishe. Akaja siku nyingine, mtoto ameshika kipande cha mkate mkononi. Adhabu ya Mwenyezi Mungu ilisubiri mtoto amalize ziwa! Huyo ni mama aliyezini kwa kukiri mwenyewe, na hakuna aliyemwambia maziwa yake yana najisi au yatamdhuru mwanawe. Itakuwaje maziwa ya mke wa halali yaharibiwe na mume wake wa halali? Na kwa maumbile, manii hayana njia ya kufika kwenye titi. Wala jasho la baba aliyetoka nje, akimpakata mwanawe, halimbebeshi mtoto kosa hilo kama watu wanavyodhani.

Lakini wazee wetu hawakuwa wajinga, na hapa nawatetea kidogo. Walikuwa wanaona kitu cha kweli. Mama akishika mimba upesi, mkubwa anaachishwa ghafla, anapewa uji mwepesi mchana kutwa, miezi michache baadaye miguu inavimba na nywele zinabadilika rangi. Hata neno kwashakoo limetoka kwenye lugha ya Kiga ya Ghana, likimaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeng'olewa kwenye ziwa na mdogo wake. Daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba mwaka 1935. Waga wa Ghana na Waswahili waliona mtoto yuleyule. Kosa ni kulitupia tendo la ndoa lawama ya njaa.

Kwa hiyo nikuulize: tangu miezi sita anakula nini? Mpaka hapo maziwa yako peke yake yalimtosha, hata maji hakuyahitaji pamoja na joto hili la Dar es Salaam. Baada ya hapo hayatoshi tena, lazima ale huku ananyonya. Uji wa sembe na sukari hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Utie karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, uwe mzito usimwagike kwenye kijiko. Mpe yai, maharage yaliyopondwa, mboga zenye mafuta kidogo, parachichi, mara tatu au nne kwa siku. Maji yachemshwe, na chupa ya kunyonyea iache, tumia kikombe na kijiko. Nimeona chupa uswahilini kwetu, inarambwa na nzi mchana kutwa.

Kumwachisha kabla ya miaka miwili kunaruhusiwa. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inasema mama wanyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, kisha inasema wazazi wakitaka kuachisha kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya juu yao. Waliotajwa kushauriana ni baba na mama. Mama mkwe tunamheshimu, lakini hakutajwa hapo. Na aya hiyo hiyo inakataza mzazi kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Ushauri wangu: kwa hali aliyo nayo sasa, msimwachishe. Kama una mimba, waeleze kliniki. Wanawake wengi hunyonyesha wakiwa wajawazito bila shida. Kama huna, zungumzeni na mumeo habari ya kupanga, kwani kwa mtoto wa miezi 10 kunyonyesha peke yake si kinga ya kutegemea. Jabir (r.a.) alisema masahaba walikuwa wakimwaga nje na huku Qur'ani inateremka. Wataalamu wa afya nao hushauri miezi 24 ipite kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Hao majirani wanaosema baba katoka nje wanacheza na moto. Kumtuhumu mtu zinaa kwa ushahidi wa mbavu za mtoto ni dhana aliyoikataza Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat. Nimewahi kuona mama akimficha mwanawe ndani, hampeleki kliniki, anaogopa foleni itasema kabemendwa. Mtoto akaletwa kwangu amechelewa sana.

Dawa za kuogesha ziache, hasa zile za kunyweshwa. Kisomo sikikatai, msomee Fatiha na Muawwidhatayni (Suratul Falaq na Suratun Nas) ukiwa umempakata kwenye benchi la hospitali. Na huyo mama mkwe usiende bila yeye. Mwambie, "Mama, twende wote ukamsikie daktari," ambebe yeye mjukuu wake, aone mkanda ukifungwa mkononi. Mumeo akirudi kutoka Tunduma, msomee jibu hili, na kama ana swali anipate msikitini baada ya Isha.

Wallahu aalam.