Barua kwa mwanangu: hela za watu na miguu yako

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nilipousoma mara ya kwanza nilicheka, nikausoma tena nikaona si wa kuchekwa. Umeniuliza: "Mama, nikikwama kilomita ya 30 pale Eldoret, hela za watu nitazirudisha?" Umeshajiandikisha marathoni nzima, umetangaza kwenye kundi la ukoo na la kazini kwamba unakimbia kuchangia dawa za watoto wa kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pale pale anapotibiwa mpwa wako, na sasa usingizi umekupaa. Wala si milima inayokukosesha usingizi, ni deni.

Hurudishi hata shilingi. Ila ili niwe nimesema kweli, itabidi uupange mchango wako upya.

Nimeliona lile tangazo lako: shilingi 50 kwa kila kilomita. Linapendeza, na najua umeiga wenzako. Lakini hebu liangalie vizuri. Umewaambia watu kwamba dawa ya mtoto itapatikana kwa kadiri miguu yako itakavyofika. Sasa goti likikushika kilomita ya 28, utakuwa unahesabu: nikisimama hapa, ni shilingi ngapi zimepotea? Utachechemea mpaka uumie kabisa. Katika miaka yangu ya uuguzi niliona wengi waliojiumiza kwa kujikaza, na wagumu zaidi kuwasimamisha walikuwa wale wenye sababu nzuri ya kutosimama. Mlevi ukimwambia keti, anaketi. Mtu anayejitolea kwa ajili ya mtoto mgonjwa hakusikii.

Kwa hiyo ondoa hesabu ya kilomita. Omba mtu atoe anachotoa, elfu moja au mia mbili, na atoe sasa. Funga mchango wiki mbili kabla ya mbio. Siku hiyo hiyo pesa zote ziende kwenye akaunti ya hospitali, upewe risiti, uipige picha na kuituma kwenye makundi yote mawili ili kila aliyechanga aione. Ukifika kwenye mstari wa kuanzia, watoto wawe wameshapata chao. Hapo hata ukiishia kilomita ya kumi, hakuna wa kukudai.

Kuna faida nyingine ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa harambee anaijua. Ahadi hunoga siku ya kuahidi. Mbio zikiisha Jumapili, kufikia Jumatano watu wako kwenye mazishi ya mtu mwingine na mchango wa harusi ya mwingine, nawe unabaki kuwapigia simu kama mkopeshaji. Anayekuambia "nitatoa nikikuona umemaliza" mwambie karibu Eldoret uje utazame, lakini dawa haimsubiri.

Nawe usizishike pesa hizo mwenyewe. Nambari ya M-Pesa inayotangazwa iwe ya mtu mwingine anayeaminika, na wawili wengine wawe wanaona kila kinachoingia. Ada ya kujiandikisha, viatu, nauli na chakula ni vyako, vitoke kwenye mshahara wako. Usiseme utajirudishia baadaye kidogo tu. Mtu akichanga mia mbili kwa ajili ya mgonjwa kisha akuone na viatu vipya, hata kama ulivinunua kwa jasho lako, maneno yataanza. Ukoo wetu unaujua.

Unaogopa pia watu watasema ulienda polepole. Mwaka 2014 Mama Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati ule, alikimbia marathoni ya London kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero, ile ya afya ya akina mama na watoto. Alitumia zaidi ya saa saba. Mimi nilikuwa bado kazini wakati huo, na zile kliniki za magari za kampeni hiyo zilipoanza kupelekwa kaunti moja baada ya nyingine, sikumsikia hata mama mjamzito mmoja akiuliza muda wake. Hao wa ofisini wanaokutania na Kipchoge na ile saa 1, dakika 59 na sekunde 40 ya Vienna waulize wao wamechanga ngapi. Jambo moja tu kuhusu muda: waandaaji huwa na saa ya kufungua barabara kwa magari. Uliza mapema ni saa ngapi, ujue kama utalazimika kutembea haraka sehemu za mwisho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia simu.

Dadako alipojifungua na mtoto akagunduliwa, nyote mlipimwa. Yeye ana AS, yaani jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), mumewe ana AS, mtoto akachukua S mbili. Kwako pia waliandika AS. Tulishukuru Mungu, tukasema wewe si mgonjwa, na kweli si mgonjwa. Jeni moja ya selimundu ndiyo iliyowakinga wazee wetu wa kando ya ziwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imejaa huko kwetu. Watu wengi wenye AS wanacheza mpira, wanakimbia, wanazeeka bila kujua kama wanayo. Lakini wachache, wakijikaza kupita kiasi kwenye joto, mwili ukiwa umekauka maji, chembe zao nyekundu hujikunja ndani ya misuli na misuli huanza kufa. Ni nadra. Mama yako hakuandikii ili ujitoe. Anakuandikia ili ujue unachobeba.

Mkazo wa misuli wa kawaida hukufanya upige kelele na msuli unakuwa mgumu kama jiwe. Huu mwingine ni tofauti: miguu inaishiwa nguvu, inalegea, unaishia kuketi chini huku ukiugusa msuli ni laini tu. Ukihisi hivyo simama, ita watu wa huduma ya kwanza, na neno la kwanza kuwaambia liwe "nina AS". Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, vivyo hivyo, kwa sababu wengu nao unaweza kuumia mtu akijikaza kwenye nyanda za juu. Na siku ya mbio au ya mazoezi marefu ukikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, usisubiri asubuhi. Kabla ya yote hayo, mwone daktari umweleze unachotaka kufanya. Hili si ombi.

Dawa za maumivu usimeze kabla ya kukimbia. Najua vijana hununua ibuprofen au diclofenac dukani, wanameza mbili wakisema ni za kujikinga. Ukiwa umekauka maji, dawa hizo zinaziumiza figo. Wala usinywe maji kwa kushindana. Kuna watu wamepelekwa hospitali kwa kunywa maji mengi mno hadi chumvi ya damu ikashuka. Kunywa kidogo kidogo katika kila kituo, uongeze jua likipanda.

Umesema unakimbia kilomita 10 bila shida. Vizuri, una pa kuanzia. Jipe miezi minne au mitano. Ile mbio ndefu ya mwisho wa wiki iongezeke kilomita mbili hivi kila wiki, na kila wiki ya nne uipunguze ili mwili upone. Ukifika kilomita 30 au 32 mara moja au mbili inatosha, usijaribu 42 nyumbani. Wiki tatu za mwisho punguza, hata ukijisikia simba. Siku nyingine kimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeenda kasi.

Na hapo Kisumu chagua njia kwa akili. Ufuo wa Dunga ni mzuri, lakini viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi kukiwa bado giza. Subiri pambazuke. Ukitaka mlima, toka Mamboleo upande Riat, ukimbie upande unaotazamana na magari. Jumamosi ukihitaji umbali bila mlima, kuna barabara ya kwenda Ahero, tambarare tupu, ila uondoke mapema kabla jua la Kano halijaanza kukuadhibu.

Kula ulivyozoea. Uji wa wimbi, viazi vitamu, ugali, samaki. Mwili hauweki akiba ya wanga ya kukutosha kilomita 42 zote. Karibu na kilomita ya 30 huwa imekwisha, na hapo ndipo watu huganda barabarani kama matatu iliyoishiwa mafuta. Kwa hiyo utakula njiani, ndizi au glukosi, na utakachokula siku hiyo kiwe ulishakijaribu kwenye mazoezi. Tumbo halipendi mambo mapya. Viatu navyo hivyo hivyo: hata vikiwa vya mitumba pale Kibuye, viwe na nafasi ya kidole gumba mbele, na uwe umevikimbilia wiki kadhaa. Vaselini kwapani na mapajani. Sitaki kusema zaidi.

Kitu ambacho sidhani umekipigia hesabu ni hewa. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Eldoret ni 2,100 hivi. Utakimbia kasi ile ile ya kwenu na utahema kama mzee. Mwili huchukua wiki mbili tatu kuzoea. Nakuru tuko 1,850, katikati. Kwa hiyo chukua likizo yako, ukishaufunga mchango na kutuma risiti uje hapa nyumbani ukae hizo wiki mbili za mwisho. Hutafanya mazoezi makubwa, utakuwa unapunguza. Utapanda polepole barabara ya Menengai hadi ukingoni, ambako ni zaidi ya mita 2,200, juu hata ya Eldoret, kisha ushuke ukitembea. Usiende peke yako. Kuna vijana wa mtaa wetu hupanda Jumamosi asubuhi, nimeshawaambia. Leta sweta, huku si kwenu. Na siku yenyewe, kilomita kumi za kwanza uende taratibu kiasi cha kuona aibu.

Mpwa wako anaendelea vizuri. Haidroksiyurea anameza kila siku, na tangu aanze maumivu yamepungua sana, ila kila baada ya muda lazima damu ipimwe, na vipimo ndivyo vinavyowashinda wazazi wengi pale kliniki. Ulizeni kama sehemu ya mchango inaweza kulipia vipimo, isiwe dawa peke yake. Muuguzi msimamizi atakuambia upungufu uko wapi. Msikilize yeye kuliko mtu yeyote wa kundi.

Baba yako alikuwa ameshikilia kwamba yeye ni mtu wa zamani, atatoa shilingi 200 kwa kila kilomita utakayomaliza, na hatoi mapema. Tumebishana tangu chakula cha mchana. Nimechukua simu yake nikamtaka aweke nambari ya siri, amenung'unika, ameweka. Shilingi 8,400 zimeshaenda kwa mweka hazina wako. Mwambie aziandike kwa jina la mzee, anataka kuliona kwenye orodha.

Nakupenda,
Mama