Nimebadilisha maskara mara tatu, kope bado zinavimba: nitafute chanzo wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Tanga na nafanya kazi benki. Ni mwezi wa tatu sasa kope zinaniwasha. Nimebadilisha maskara mara tatu, ya mwisho boksi lake limeandikwa kwamba inafaa macho yanayodhurika haraka, lakini asubuhi naamka kope zimevimba na ngozi inabanduka kama magamba. Duka la dawa walinipa krimu, ikanituliza siku nne, nilipoiacha hali ikarudi vibaya zaidi. Kuona naona vizuri. Nywele nasuka, kucha zangu ni za jeli, sina ugonjwa mwingine. Harusi yangu ni baada ya wiki saba na nimeshaelewana na mchoraji wa piko. Kuna wanja na maskara visivyodhuru, au niache kujipamba kabisa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Kujipamba hutaacha. Ila kabla ya wanja na maskara, tuanze na kucha zako, maana nashuku huko ndiko shida ilikoanzia.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini. Kitu ambacho ncha ya kidole hukibeba kutwa nzima bila kudhurika, kope ikiguswa nacho mara mbili tatu huvimba. Ndiyo maana kliniki tunapokea wanawake wenye vipele kwenye kope huku vidole vyao vikiwa safi kabisa, na chanzo kikawa ni kucha. Baadhi ya rangi za kawaida za kucha huwa na utomvu wa viwandani uliotengenezwa kwa fomaldehaidi. Jeli ina akrilati, kemikali za jamii ya plastiki, na hizi hazigandi sawasawa mpaka zimulikwe vya kutosha na ile taa ya saluni. Taa ikiwa dhaifu, au jeli ikipakwa nene, ile mbichi inabaki pembeni ya kucha, nawe unaipeleka usoni kila ukijifikicha. Jaribu hivi leo jioni: weka simu ikurekodi nusu saa ukiwa unatazama tamthilia, kisha itazame uhesabu vidole vinapanda machoni mara ngapi. Wagonjwa wangu karibu wote huniapia kwamba hawagusi macho.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mzio wa namna hii hauji papo hapo. Unagusa leo, ngozi inawasha kesho au keshokutwa, hata siku ya tatu. Kwa hiyo unamshtaki aliyepo, kumbe aliyekosa alishapita. Tena kitu ulichokitumia miaka kumi kwa amani kinaweza kukugeuka mwaka huu. Kitu kinachochoma dakika hiyo hiyo unapopaka, ukinawa kinatulia, aghalabu huwa kimeikera ngozi tu, wala si mzio.

Kuhusu hizo maskara tatu: kampuni tofauti, majina tofauti, lakini ukisoma viambato utakuta mara nyingi dawa za kuzuia kuoza ni zile zile. Na maneno ya boksini kuhusu macho yanayodhurika haraka yasikutulize. Hakuna kipimo kimoja ambacho bidhaa zote lazima zikifaulu ndipo ziandikwe hivyo.

Wiki saba zinatosha, ukianza leo. Nenda saluni wakutolee jeli taratibu, usiibandue mwenyewe kwa meno wala kisu. Kisha wiki tatu usipake kitu chochote machoni, na kucha zibaki tupu. Nawa uso kwa maji peke yake. Kope zikiwasha, lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika kumi. Zikikauka, paka mafuta ya mgando kidogo sana, yale yasiyo na harufu. Hapa wengi huteleza: wananunua ya watoto wakidhani ndiyo laini zaidi, kumbe mengi yametiwa manukato. Fungua kopo, unuse. Yakinukia, yarudishe. Marashi nayo katika wiki hizi usijipulizie shingoni wala kwenye mtandio.

Ile krimu sitaki uirudie. Hukunitajia jina, lakini inayotuliza siku nne kisha ikarudisha ugonjwa kwa kishindo, mara nyingi ni ya steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, mfano betamethasoni au clobetasoli. Hizo kwenye kope hukondesha ngozi, na zikitumika muda mrefu karibu na jicho zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Baadhi zimechanganywa na neomisini, dawa ya kuua bakteria, na neomisini yenyewe ni miongoni mwa dawa zinazoleta mzio wa ngozi. Ipo steroidi hafifu, zipo na dawa zisizo steroidi kabisa, lakini kope aziandikie daktari aliyekuona.

Kope zikipona katika wiki hizo tatu, ndipo ujaribu vipodozi, kimoja kimoja. Paka kipodozi kipya ndani ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku kumi. Waweza kujaribu viwili kwa pamoja, kimoja mkono wa kulia na kingine wa kushoto. Andika kipi kiko wapi, maana utasahau. Pakiwasha au pakitoka vipele, hicho umeachana nacho. Pakikaa shwari, kipake machoni siku tatu mfululizo kabla hujaongeza kingine. Gundi ya kope za bandia usiijaribu hivyo nyumbani, na harusini ningependa uzikose kabisa: baadhi zina sianoakrilati, kemikali yenye undugu na akrilati, hukaa pembeni kabisa mwa jicho, na wewe tayari tunakushuku na akrilati.

Katika kununua, chagua kipodozi chenye viambato vichache, vinavyosomeka. Kitu cha dukani kisicho na orodha ya viambato wala tarehe ya kuisha, kiache hapo hapo. Kwenye orodha, epuka chenye neno Parfum, chenye jina refu linaloanzia na Methyl na kuishia na thiazolinone, na chenye Quaternium-15; hizi mbili za mwisho ni dawa za kuzuia kuoza. Kwenye maskara angalia pia kolofonia, ule utomvu wa msonobari, na lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo. Wanja wa penseli kwa kawaida hukupa matatizo machache kuliko wa maji, hasa ule ambao weusi wake ni oksidi ya chuma. Kwenye orodha huandikwa CI 77499. Maskara iwe ya kutoka kwa maji ya uvuguvugu. Ile isiyoingia maji inataka mafuta na kusuguliwa kila usiku, na kusugua kwenyewe ni nusu ya ugonjwa. Ikifika miezi mitatu, itupe. Ikikauka usiilainishe kwa mate; nimeona macho yaliyojaa usaha kwa kosa hilo. Kibanio cha nyusi na kikunja kope navyo vikague, maana vingine vina nikeli. Kama hereni za bei nafuu zinakuwasha masikioni, nikeli tayari ni mtuhumiwa.

Najua kwenu kutakuwa na bibi atakayesema rudi kwenye wanja wa manga, ndio wa asili. Mheshimu, lakini usimfuate. Wanja huo wa mawe mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ni sumu hata kwa jicho lisilo na mzio. Vichanga ndio wanaoumia zaidi, kwa hiyo kesho ukijaaliwa mtoto, usimpake.

Sasa piko. Hili nakuomba kwa moyo wote: achana nayo. Hina halisi hutoa rangi ya wekundu au kahawia na ni nadra kudhuru. Weusi wa piko mara nyingi hutokana na PPD, rangi ya kupaka nyweleni, tena huwekwa bila kipimo. Ikishakuamshia mzio, unabaki nao maisha. Miaka baadaye unatia nywele rangi nyeusi, uso unavimba mpaka macho yanafunga. Marekani mwaka 1933 iliripotiwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyo. Wanawake walidhurika macho, kuna aliyepofuka na kuna aliyefariki, na mkasa huo ni mmoja wa iliyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali nchini humo. Kwa hiyo mwambie mchoraji atumie hina nyekundu iliyokandwa mbele yako, na nyusi asizitie rangi. Somo wako naye umwambie mapema: singo na liwa viishie shingoni, visipande usoni.

Usisubiri wiki tatu ukiona mojawapo ya haya: jicho lenyewe linauma, mwanga unakuchoma, unaona ukungu, usaha unatoka, au uvimbe uko upande mmoja na una homa. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kope zisipotulia baada ya hizo wiki tatu, muone daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha viraka. Viraka vyenye vitu vinavyoshukiwa vinabandikwa mgongoni, vinatolewa baada ya saa 48, kisha mgongo unasomwa tena siku moja au mbili mbele. Ikithibitika ni akrilati, mwambie na daktari wako wa meno, kwa sababu baadhi ya vifaa vya kuzibia meno ni vya jamii hiyo hiyo. Zile maskara tatu usizitupe. Zifunge kwenye mfuko pamoja na krimu na wanja wako, na saluni uwaombe jina la jeli waliyokupaka au hata picha ya chupa yake, uende navyo.