Unaenda kukusanya data Mikumi? Anza na askari utakayetembea naye

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa tatu, unasomea usimamizi wa wanyamapori, na utafiti wako ni kuhesabu kinyesi cha wanyama wanaokula majani, uone kama wanapungua kadiri unavyosogea karibu na barabara kuu. Umeuliza ubebe nini, upange ploti (vipande vidogo vya ardhi unavyopima na kuhesabia) ngapi kwa siku, na maisha ya kambini yakoje kwa msichana. Nilifanya kazi ya aina hiyo hiyo Mikumi nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mikumi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara ya Dar kwenda Mbeya na Zambia inapita katikati yake kwa kama kilomita 50. Upande wa kaskazini kuna bonde la Mkata, nyasi tupu na udongo mweusi ambao masika gari haliendi popote. Kusini ni vilima na misitu ya miombo mpaka unakutana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Usipange ratiba moja kwa pande zote mbili. Mkata unaona mbali na unatembea haraka. Kwenye miombo unasukumana na nyasi na mbung'o, na mnyama unamwona akiwa tayari yuko karibu.

Sasa suala la ploti ngapi. Wanafunzi wengi hukaa hosteli, wanafungua makala ya mtu aliyefanya kazi na magari mawili na wasaidizi wanne, wanachukua idadi yake. Wewe utakuwa na askari mmoja wa wanyamapori mwenye bunduki, na bila yeye huruhusiwi kushuka garini ukatembea. Mwendo wa kazi ni mwendo wake. Mnatoka saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa tano jua limeshakuwa kali na mnarudi. Kabla hujamwonyesha msimamizi wako idadi ya mwisho, kaa na askari uliyepangiwa, mwonyeshe ramani, umuulize wapi panapitika na wapi pana nyati. Mimi nilifanya hivyo na mistari yangu miwili, ile unayoifuata kwa miguu kutoka ploti hadi ploti, ilihama kabla hata sijaikanyaga, kwa sababu ilikuwa inakatiza korongo ambalo madume wazee wa nyati hulala mchana.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Askari ukimchukulia kama mlinzi tu, utarudi na namba. Ukimchukulia kama mwenzako kwenye utafiti, utarudi na namba unazozielewa.

Nakupa mfano. Tulifika kwenye rundo la kinyesi cha tembo ambalo kwa juu lilikuwa limekauka, kahawia kabisa. Mimi nilikuwa naandika "kikuukuu". Afande akasema, "Subiri kwanza, binti." Akalipasua kwa fimbo, akaingiza vidole ndani. Kati kulikuwa bado na unyevu, mbegu za ukwaju zinang'aa, na mende wa kinyesi walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuchimba pembeni. Akaniambia kiangazi jua la Mkata hukausha gamba la juu kwa siku moja tu, lakini mende na mchwa hawadanganyi: ukiona udongo wa mchwa umepanda mpaka juu, hicho ni cha zamani kweli. Tangu hapo fomu yangu ikaongezeka safu ya mende na mchwa, na msimamizi wangu aliipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye ripoti.

Huyo huyo ndiye aliyenikumbusha habari ya moto. Nyasi zikianza kukauka, hifadhi huchoma mapema baadhi ya maeneo ili moto mkubwa usije baadaye. Ploti iliyoungua haina kinyesi, na siyo kwa sababu wanyama hawakupita, kimeungua. Ukiziandika sifuri pamoja na zile ambazo kweli hazikupitwa na mnyama, matokeo yako yote ya umbali wa barabara yanaharibika, hasa kwa kuwa kandokando ya barabara moto huwa mwingi. Weka safu ya "imeungua" na uulize ilichomwa lini. Askari wanajua, mara nyingi ndio waliochoma.

Kitu kingine: swala pala wana tabia ya kurudi kujisaidia pale pale. Ploti ikiangukia kwenye jalala lao utapata punje nyingi mno, na ploti ya jirani haina hata moja. Hesabu marundo, usihesabu punje. Pia chagua marundo mabichi machache ya kila mnyama mwanzoni kabisa, uyawekee alama, uwe unayapitia kuona yanachukua muda gani kupotea. Bila hilo huwezi kulinganisha mwezi wa mvua na wa kiangazi.

Usishangae ukiona askari anatoa kitambaa kidogo chenye majivu anakitikisa. Anaangalia upepo. Upepo ukitoka kwenu kwenda kichakani, atawazungusha, na mstari wako utapinda. Mwache apinde. Wewe andika ulipoacha mstari na uliporudi, kwa GPS, na sababu. Nimeona vijana wanabishana na askari kuhusu mita mia moja. Hilo sitaki nilisikie kwako.

Vya kubeba: nguo za khaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Bluu na nyeusi ziache chuoni, mbung'o wanazipenda sana. Mavazi yenye mabaka ya kijeshi usivae kabisa, sheria hairuhusi raia. Buti zilizokwisha kuzoea mguu wako, soksi ndefu na suruali iingie ndani yake kwa ajili ya kupe. Upupu ukikauka manyoya yake yanaruka na upepo, na ukikugusa usijikune, wala usioge haraka. Paka majivu kwanza, ndivyo nilivyofundishwa na ilinisaidia. Fomu za karatasi na penseli, hata kama una simu. Jioni zinakili au zipige picha kabla hujala.

Kibali anza mapema. Utafiti wa wanyamapori unaratibiwa na TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, na hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo barua ya chuo peke yake haitoshi getini. Kwenye bajeti weka posho ya askari tangu mwanzo, na chakula cha kutosha watu wawili. Haiwezekani mtembee pamoja tangu alfajiri halafu wewe ule peke yako.

Kuhusu kuwa msichana: nenda na mwenzako ikiwezekana, na uombe kwa mhifadhi, mapema na kwa maandishi, kulala kwenye nyumba za wafanyakazi au hema karibu na familia. Mimi nilipewa chumba jirani na mke wa askari, tukapika pamoja ugali na dagaa, na yeye ndiye aliyenionyesha njia ambayo tembo hupita usiku kwenda kwenye mabomba ya maji. Usiku usitoke nje. Weka ndoo ndani. Chakula kifungie kwenye sanduku la bati, nyani wanafungua zipu. Mtu akikusumbua, mweleze mhifadhi siku hiyo hiyo, na msimamizi wako pia ajue.

Ukimaliza, andika kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili uwapelekee kituoni na kwa serikali ya kijiji kilicho jirani, mfano Doma, ambako watu wanalima nyanya na tembo wanawaingilia mashambani. Wao ndio watakaokuuliza maswali magumu kuliko jopo la chuo, kwa hiyo jiandae nayo.