Faili kubwa linakatika njiani kwenda z/OS

Ndugu, umesema mafaili madogo yanafika salama kwenye z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, kutoka seva ya Linux kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili), ila lile la MB 400 linakatika katikati na ujumbe unataja B37. Basi usihangaike na mtandao. B37 maana yake nafasi iliyotengewa faili kwenye diski imeisha.

z/OS hutenga nafasi mapema: ya kwanza, halafu nyongeza. Faili la kawaida la mfululizo huishia vipande 16 kwa diski moja, yaani cha kwanza na nyongeza 15. Kabla ya put (amri ya kutuma faili), andika:

quote site cyl pri=100 sec=50

Hapo cyl ni silinda, kipimo cha nafasi ya diski; pri ni nafasi ya kwanza, sec ni kila nyongeza. Silinda ya 3390 (aina ya diski ya IBM) hubeba takriban KB 830, kwa hiyo hapo unapata karibu MB 700, mradi diski yenyewe ina nafasi. Lile faili lililobaki nusu lifute kwanza; amri ya site haibadilishi kilichokwisha tengwa.

Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi. Kama ndani kuna namba zilizofungashwa (tarakimu mbili kwa baiti) za COBOL, lugha ya programu, tuma kwa bin, yaani bila kugeuza chochote. Ukituma kama maandishi, herufi A, ambayo kwenye Linux ni msimbo 41, inageuzwa C1 ya z/OS sawasawa, lakini namba hizo nazo zinageuzwa, na hakuna kosa litakaloonekana. Mimi jambo hilo liliwahi kunigharimu usiku mzima.