Shemasi hampangii mchungaji mahubiri

Ndugu yangu, umeuliza kama mashemasi wa kanisa la Kibaptisti wana haki ya kumpangia mchungaji cha kuhubiri. Hapana. Soma 1 Timotheo 3: askofu, yaani mchungaji kwetu Wabaptisti, lazima ajue kufundisha, lakini sifa za shemasi, kuanzia mstari wa 8, hazina sharti hilo. Kazi yao inafanana na ya wale saba wa Matendo 6, waliowekwa kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Na angalia nani aliwachagua: kusanyiko lenyewe. Ndiyo maana kwetu mambo makubwa huenda kwenye kikao cha washiriki, na kura ya mama anayefagia kanisa Jumamosi ni sawa na ya mchungaji. Naye mchungaji asijifanye bwana juu ya kundi, 1 Petro 5:3 inakataza. Shemasi bora niliyemjua alifika mapema kupanga viti, mchana akabeba unga kumpelekea mjane mgonjwa, na kikaoni alisema machache. Mkiona fundisho lina kasoro, mwendeeni mchungaji faragha kwanza, Biblia mkononi.