Kwa nini makampuni makubwa yanapenda kuyamaliza nje ya mahakama

Mkuu umeuliza kampuni ambayo lori lake lilimgonga mjomba wako pale Usa River inasema haina kosa, sasa mbona wanamfuata na hela tena kwa haraka. Nimekaa uhasibu miaka tisa kwenye kampuni kubwa hapa Arusha, malipo ya hivyo yamepita mkononi mwangu, ngoja nikwambie nilichokiona.

Wengi humu wamesema ni gharama za wakili na kesi kuahirishwa kila mara. Ni kweli, ila hela ya wakili wanayo. Kinachowanyima usingizi ni makaratasi.

2016 tulifukuza dereva, jamaa ndani ya zile siku 30 akawa ameshafika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi. Bosi akawaka, twende mpaka mwisho! Wakili wetu akamuuliza tu, kitabu cha safari za magari kikiombwa kama ushahidi itakuwaje? Maana kilikuwa kinaonyesha madereva wanatoka alfajiri wanarudi usiku wa manane na ovataimu hailipwi, na madereva tulikuwa nao 40, yaani huyu akishinda kwa kitabu kile wale 39 nao wanaanza kupiga hesabu zao. Bosi akanyamaza. Tukalipa kwenye usuluhishi, zaidi hata ya ile mishahara ya miezi 12 ambayo sheria ya wakati ule iliweka kama kima cha chini cha fidia ya kufukuzwa isivyo halali, karatasi ikaandikwa kulipa sio kukiri kosa na asimwambie mtu. Wale 39 hawakupata hata mia, na mimi nilikuwa najua, mpaka leo inaniuma.

Angalia McDonald's kule Marekani. Mwaka 1992 bibi wa miaka 79 aliungua vibaya na kahawa yao, akaomba dola 20,000, wakampa ofa ya 800. Kesi ilipofika mahakamani 1994 yakatoka malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua kabla yake, jopo la raia wanaoamua kesi kule (jury) likampa karibu dola milioni 2.9, jaji akapunguza, na mwisho wakamalizana kwa siri. Wangemlipa mapema nani angejua kuhusu wale 700?

Kwa hiyo mkuu mjomba asisainishwe kitandani. Kesi ya madhara kama hayo ina miaka 3 ya kufunguliwa, hiyo haraka ni yao. Tafuteni wakili, aulizie kwanza ripoti ya trafiki ya ukaguzi wa lile lori na dereva alikuwa ameendesha masaa mangapi siku ile, halafu muone ofa inapanda mpaka wapi.