Maswali na Majibu: Bundi katika Somo la Sayansi

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4, Njoro. Wazazi wananilaumu kwamba nawafundisha watoto habari za ndege wa mkosi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mifupa. Bundi humeza panya mzima, na kwa kuwa tumbo lake haliwezi kuyeyusha mifupa na manyoya, mabaki hayo hufinyangwa kuwa donge ambalo hulicheua baada ya saa kadhaa. Yaokoteni madonge mchana, chini ya mti au ghala analolala, bila kusogelea kiota. Vaeni glavu, yafungeni kwa karatasi ya foili na kuyaoka kwenye joto la nyuzi 160 kwa dakika 40 ili vijidudu vife. Kisha kila kikundi kichambue donge lake kwa vijiti vya meno juu ya karatasi nyeupe. Fuvu lenye meno marefu mbele na pengo nyuma yake ni la panya. Lenye safu ya vijino vilivyochongoka ni la kirukanjia. Watoto wahesabu mafuvu, wachore jedwali na kulipeleka nyumbani. Mzazi aliyewahi kuliwa mahindi ghalani atalisoma.

Hapa Kisumu mjini hatupati madonge. Tutumie mifupa ya omena?

La. Bundi huyo anayewinda panya hali omena, na wanafunzi wako watakuumbua mara moja. Afadhali mcheze mchezo wa masikio: mtoto mmoja afungwe kitambaa machoni, mwenzake akwaruze karatasi mahali fulani, naye aonyeshe sauti ilikotoka, kisha arudie akiwa ameziba sikio moja. Makosa yataongezeka. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo ana tundu moja la sikio lililo juu kuliko jingine, na tofauti hiyo humwezesha kumlenga panya gizani.

Binti yangu, Kakamega, asema bundi huzungusha kichwa duara zima.

Si zima, ni nyuzi 270 hivi. Shingo yake ina pingili 14, yetu 7.

Nitafundishaje utegemeano wa viumbe bila vifaa? Mwalimu, Kitale.

Uzi watosha. Watoto wawe mahindi, panya, bundi na mti mkavu, kila mmoja akishika uzi unaomfunga na anachokitegemea. Kisha mkulima atege sumu. Kwa kuwa sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa, panya aliyelegea hukamatwa kwa urahisi, na bundi hudhurika pia. Basi wote wawili waachie uzi. Mwisho, ukateni mti mkavu: bundi wengi hawajijengei kiota, bali hutagia katika matundu kama yake.